Hesabu ya Siku ya Mvua

Tulikuwa tukirudi nyumbani Haydom kutoka Katesh, kwa njia ya Basotu, alasiri ya siku moja mwishoni mwa mwezi wa Aprili, mwaka 2024. Tulikuwa tumepanda nyuma ya pikipiki ya bodaboda, mkoba wetu wa karatasi tumeufunga ndani ya mfuko wa nailoni, na matope yametupanda mpaka magotini. (Twasema “sisi” kwa desturi ya ukurasa huu, abiria alikuwa mmoja tu, wala hatukupanda mshikaki.) Ghafula dereva wetu alipunguza mwendo, akasimama, akazima injini, akasema: “Mzee, hapa tusubiri.”

Mbele yetu palikuwa na korongo. Asubuhi ya siku ile ile, tulipokuwa tukienda Katesh, tulikuwa tumelivuka bila hata kuinua miguu, kwani maji yalikuwa kama kamba nyembamba juu ya mchanga. Sasa yalikuwa mto mzima wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba vijiti na mabua na povu, na sauti yake tuliisikia kabla hatujauona. Mvua yenyewe ilikuwa imekwisha. Juu yetu mbingu zilikuwa zimefunguka, na jua la saa kumi lilikuwa likiwaka juu ya migongo ya ng'ombe. Hilo ndilo lililotughadhibisha. Mtu akizuiwa na mvua husema ni kazi ya Mungu. Lakini akizuiwa na maji huku jua linawaka, hujiona kwamba anaonewa.

Tena tulikuwa na haraka. Jioni ile tulitakiwa mkutanoni, na mtu aliyezoea kuwahimiza wengine wafike mikutanoni kwa wakati hapendi yeye mwenyewe aonekane mlangoni wakati watu wanafunga kikao. Tukamwambia dereva: “Kijana, maji hayo si mengi. Pita upande wa juu, pale penye mawe.” Akatikisa kichwa. Tukamwambia kwamba tutamwongeza shilingi elfu tano juu ya nauli tuliyopatana. Akatikisa kichwa tena, akaanza kuondoa tope kwenye cheni kwa kijiti, kama mtu ambaye hana habari ya elfu tano.

Kwa hakika masika ya mwaka ule hayakuwa masika ya kila mwaka. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba mvua zile, zilizoletwa na hali ya El Niño, zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini, na kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepatwa na madhara. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawana haja ya kuhadithiwa. Wao wanalijua bonde la Msimbazi, wanajua jinsi Barabara ya Morogoro inavyofungwa pale Jangwani, na jinsi mfanyakazi atokaye kazini Kariakoo akitaka kufika kwake Magomeni anavyotazama nyumba za ng'ambo ya pili kama mtu anayetazama Unguja kutoka pwani. Mwenye pikipiki mjini hupita katika maji asiyojua chini yake kuna nini: mtaro usiofunikwa, shimo, jiwe, au waya wa umeme uliokatika. Lakini mjini ziko njia nyingine za kuzunguka, hata kama ni ndefu, na wako watu wa kupiga kelele mtu akianguka. Korongo la porini halina njia ya pili. Ama unavuka, ama huvuki.

Huku kwetu maji yana tabia nyingine pia ambayo mtu wa mjini aweza asiielewe. Haydom iko juu, katika nchi ya mabonde na miinuko, na makorongo yake hayategemei mvua inyeshayo kichwani pako. Yategemea mvua iliyonyesha mahali usipopaona, saa moja au mbili zilizopita. Maji hukusanyika milimani, huteremka katika vijito vidogo, vijito huungana, na mwisho huja kwa pamoja kama kundi la ng'ombe lililofunguliwa zizini. Ndiyo maana wageni hufa makorongoni wakati wa jua. Huona mchanga mkavu, hushuka chini, na maji huwakuta katikati.

Pale korongoni tulimkuta mzee mmoja wa Kibarabaig, amejifunga shuka, yuko na ndama wanne. Tukampa shikamoo yake, akatujibu marahaba, na Kiswahili chake kikaishia karibu na hapo. Lakini alikuwa amefanya jambo la akili kuliko sisi sote. Alikuwa amechomeka kijiti ukingoni, mahali maji yalipofikia, na kila baada ya muda alikuwa akiinama kukitazama. Tulipofika, kijiti kilikuwa kimezama nusu. Tulipomwuliza kwa ishara, alinyosha fimbo yake kuelekea Hanang. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi kuanzia kiunoni kwenda juu.

Sisi watu wa nchi hizi hatuwezi tena kuutazama mlima ule kwa macho ya zamani. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wake ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia wa tabianchi, alikatisha safari yake akarudi, akaja Katesh kuwapa pole wananchi. Siku za kwanza watu wengi walisema kwamba mlima umelipuka moto, kwa kuwa wote twajua kuwa Hanang ni mlima wa volkano ya kale. Haikuwa hivyo. Ardhi ya mlima ilikunywa maji mpaka ikawa nzito kuliko ilivyoweza kujishika, ikaachia. Moto haukuwapo, yalikuwa maji tu. Maji yale yale ambayo sisi, miezi mitano baadaye, tulikuwa tukimwambia kijana wa watu kwamba si mengi.

Tulipokuwa tumesimama hivyo, ikaja pikipiki nyingine kutoka nyuma yetu, dereva na gunia moja. Dereva hakutusalimu. Alivua viatu, akavifunga shingoni, akakaza gunia kwa mpira, akaingiza gia, akaingia majini kwa kishindo. Katikati pikipiki iliyumba, maji yakapanda mpaka kwenye kiti, nasi tukajikuta tumeshika vichwa. Kisha akatokea ng'ambo ya pili, moshi mweupe ukitoka nyuma yake, akaenda zake bila kugeuka.

“Waona?” tukamwambia dereva wetu.

“Nimeona, mzee,” akajibu. “Na kesho atapita tena. Na kesho kutwa.”

Hapo tulinyamaza, maana lilikuwa jibu la mtu aliyekwisha kulifikiria jambo lile kabla yetu. Na kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine ya kufanya, tukakaa juu ya jiwe, tukamwomba atueleze maji huifanya nini pikipiki. Alitueleza vizuri kuliko kitabu. Alisema pikipiki haina mbavu za kujizuia: ina magurudumu mawili membamba, na maji yakiipiga ubavuni, kitu pekee kinachoishikilia ni mguu wa dereva, na mguu huo umo majini pia. Gurudumu la mbele likigusa jiwe lisiloonekana, mkono hugeuka wenyewe. Maji yakifika mahali injini inapovutia hewa, injini huyanywa na kuzimika papo hapo. Na ikizimika katika mwendo mkali, chuma cha ndani hupinda, na hapo gharama yake ni ya mtambo mzima. Hata ukivuka salama, breki za ngoma zilizolowa hazishiki, nawe mbele yako una mteremko. Ukivuka huo, una udongo mweusi wa mbugani, ambao hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Ndiyo sababu wengi wao hufungua madigadi ya mbele masika yakianza, wakakubali kupigwa tope usoni.

Wataalamu wa mafuriko husema kwamba maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 60 yaweza kuchukua motokaa. Dereva wetu hakuwa na habari ya sentimeta. Yeye alikuwa na kipimo chake: “Maji yakifika kwenye kanyagio la mguu, mzee, mimi sivuki. Hata awe mkuu wa mkoa.”

Tukamwuliza kama alizaliwa na hekima hiyo. Akacheka. Kisha akatuambia kwamba masika ya mwaka mmoja wa nyuma alivuka. Alikuwa na pikipiki ya mtu mwingine, si hii, na alikuwa amechelewa kulipa hesabu kwa siku mbili. Maji yalimwondolea pikipiki mikononi. Yeye alishika mizizi ya mti, akatoka. Pikipiki ilionekana siku ya tatu, imelala chini ya mchanga, taa tu ndiyo iliyo nje. Mwenye pikipiki alishukuru Mungu kwamba imeonekana, akaipeleka kwa fundi, kisha akamwandikia kijana deni la fundi, pamoja na hesabu ya zile siku tatu ambazo pikipiki ilikuwa mchangani.

Msomaji asiyejua mambo ya bodaboda aweza kuuliza hesabu ni nini. Vijana walio wengi waendeshao pikipiki hizi si wenye pikipiki. Mwenye mali hununua, kijana huendesha, na kila jioni kijana humpelekea mwenye mali kiasi kilichopatanwa. Hicho ndicho kiitwacho hesabu. Mafuta ni juu ya kijana, na kwa kawaida matengenezo madogo pia. Ziko hesabu za moja kwa moja, na ziko za mkataba, ambapo kijana akilipa kila siku kwa muda waliokubaliana, pikipiki huwa yake. Mkataba ni jambo jema, maana kijana asiye na dhamana ya benki hupata mali kwa jasho lake. Lakini angalia: mkataba huhesabu siku, hauhesabu mvua. Siku ambayo barabara ni nzuri na soko limejaa, hesabu ni ile ile. Siku ambayo korongo limejaa, hesabu ni ile ile.

Tulikuwa bado tumekaa pale juu ya jiwe simu ya kijana ikalia. Alisimama kuijibu, kama mtu asimamavyo mbele ya mkubwa. Hatukutaka kusikiliza, lakini porini sauti haina pa kujificha.

“Ndiyo, bosi. Niko njiani, bosi. Korongo limejaa.”

Sauti ya upande wa pili ikasema kwamba pale alipo yeye jua linawaka.

“Hata hapa linawaka, bosi. Ila maji ni mengi.”

Sauti ikasema maneno mengine, na kijana akamaliza: “Sawa, bosi. Nitatuma leo leo.”

Tukamwuliza bosi wake ni nani. Akatuambia ni mwalimu. Akaongeza, bila kuulizwa: “Ni mtu mzuri, mzee. Mwaka jana mama yangu alipolazwa alinipa nauli.”

Ndugu wasomaji, ni hapa tulipoanza kuona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Maana tulipotaka kumlaumu moyoni yule mwalimu, tulikumbuka ya kwetu. Sisi nasi tunayo pikipiki. Tuliinunua kwa akiba na mkopo kidogo wa chama cha kuweka na kukopa, tukampa kijana mmoja wa pale Haydom kwa mkataba. Na asubuhi ile ile, kabla hatujapanda kwenda Katesh, tulikuwa tumemwandikia ujumbe wa simu. Alikuwa hajatuma hesabu kwa siku mbili, akisema kwamba mvua imemzuia. Ujumbe wetu ulikuwa mfupi: “Mvua si sababu. Nataka hesabu ya siku tatu leo jioni.”

Tuliutoa ule ujumbe tukausoma tena pale korongoni. Hatukuona kosa la tahajia.

Watu wanapozungumza habari za bodaboda, hata katika vikao vyetu, husema kwamba vijana hawa ni wakaidi, hawaogopi kufa, wana haraka isiyo na maana. Yako ya kweli katika maneno hayo, na mtu aliyepata kubebwa na kijana aendeshaye huku anaongea na simu hawezi kuyakanusha. Lakini ni nani awapaye ile haraka? Wenye pikipiki hizi si matajiri wa mbali wasiojulikana. Ni walimu, wauguzi, makarani, askari, wenye maduka, viongozi wa matawi, na waandishi wa magazeti. Ni sisi. Tulipopata mshahara tukajiuliza tufanye biashara gani isiyohitaji kukaa dukani, tukaona pikipiki. Basi kijana aingiaye majini saa kumi na mbili jioni akiwa peke yake hayuko peke yake hata kidogo. Mwenye mali yuko naye, yuko mfukoni mwake, ndani ya simu.

Tena vijana hawa hawabebi mizigo ya biashara tu. Jina la bodaboda lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa watu wa baiskeli waliowavusha wasafiri kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Hapa Tanzania ni kanuni za mwaka 2010 zilizoipa pikipiki ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo. Tangu hapo hakuna kijiji kisichofikiwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, huhudumia watu wa Mbulu na Hanang, na wengine huijia kutoka Mkalama na hata Meatu. Siku hizi mama mjamzito aliyepata shida aweza kuitiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo, katika mpango uitwao m-mama, na madereva wa kawaida wa vijijini hutumika pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Ni kazi njema sana. Lakini kutoka nyumba ya bondeni hadi barabara ipitayo gari, mara nyingi mgonjwa hukaa nyuma ya pikipiki, katikati ya dereva na dada yake anayemshika asianguke. Dereva anayejua kulisoma korongo ni sehemu ya hospitali, ingawa hajavaa koti jeupe. Tukimpoteza kwa ajili ya hesabu ya siku moja, hatupotezi kijana mmoja.

Sasa tuseme habari za fedha waziwazi, maana watu huogopa kuziweka mezani. Pikipiki yetu tuliinunua kwa shilingi 2,700,000. Tuliandikiana na kijana atulipe shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 70. Hiyo ni shilingi 48,000 kwa juma, na jumla yake ni shilingi 3,360,000. Faida yetu ni shilingi 660,000. Tuseme katika muda wote huo ziko siku 20 ambazo kweli hakuna pa kupita. Siku hizo ni shilingi 160,000. Tukizisamehe zote, bado tunabaki na faida ya shilingi 500,000. Na tusipotaka kuzisamehe, twaweza kuzisogeza mbele, mkataba ukaisha majuma matatu na siku mbili baadaye, wala hatupotezi hata senti. Hesabu hii tulifundishwa shuleni tungali watoto, na fimbo ya mwalimu ilikuwapo kuhakikisha kwamba tumeielewa. Imekuwaje tusiifanye mpaka tukae juu ya jiwe?

Twajua watu watasema nini, kwa kuwa hata sisi tulikuwa tukiyasema. Watasema: vijana ni waongo, ukiwapa siku ya mvua watanyeshewa mvua hata mwezi wa Agosti. Jibu lake ni rahisi. Mvua si jambo la siri. Korongo likijaa, kila mtu katika kata anajua, na madereva wa kijiwe kizima hurudi pamoja. Mwenye mali aweza kumpigia simu mwenyekiti wa kijiwe, au muuza duka wa ng'ambo, akapata habari kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuandika ujumbe wa ukali. Watasema pia: na sisi tuna madeni, chama cha kukopa hakihesabu mvua. Hilo ni kweli, na si dogo. Twajua mwisho wa mwezi ulivyo. Lakini mdai wetu hatupeleki mtoni.

Wako pia watakaosema kwamba dawa ni madaraja. Nani asiyetaka madaraja? Daraja la Sibiti, linalounganisha Mkalama na Meatu, limewafungulia watu njia ambayo zamani masika yalikuwa yakiifunga, na sisi wa Haydom twaona faida yake kila siku. Yatajengwa mengine. Lakini makorongo ni mengi kuliko wakandarasi, na masika hayasubiri zabuni. Mpaka hapo, jambo lililo mikononi mwetu ni mstari mmoja ndani ya mkataba. Sisi tumekwisha kuuandika katika wetu: siku ambayo njia imefungwa na maji, au kijana amekataa kuvuka kwa hofu ya maji, hesabu ya siku hiyo itasogezwa mwisho wa mkataba, wala hatapigiwa simu. Maneno ya mwisho, “wala hatapigiwa simu,” kijana mwenyewe ndiye aliyeomba yaongezwe. Tulitaka kuyakataa, tukaona tumekosa sababu.

Tumeliacha korongo mbali. Kijiti cha yule mzee kilizama chote saa kumi na moja, na kwa muda mrefu hakikuonekana kabisa. Kulipoanza kuwa giza kilichomoza ncha. Mzee alikiinamia, akakigusa, akasema neno kwa lugha yake, akawapeleka ndama ng'ambo kwanza. Walivuka maji yakiwafikia matumboni. Dereva wetu aliwatazama mpaka wa mwisho alipotoka, kisha akatuambia tuvue viatu. Hatukupanda. Yeye aliisukuma pikipiki ikiwa imezimwa, sisi tulishika kiti kwa nyuma kwa upande wa juu wa maji kama alivyotuelekeza, tukapita penye changarawe, maji yakitugonga magotini. Hata yakiwa yamepungua vile yalikuwa na nguvu za kutisha. Tulifika Haydom saa tatu usiku. Mkutano ulikuwa umekwisha zamani, na hakuna aliyedhurika kwa kutukosa.

Tulimlipa kijana nauli pamoja na ile elfu tano aliyoikataa. Akasimama chini ya taa ya duka, akazigawa noti mara mbili, za mafuta huku na za mwalimu huku, akawasha pikipiki akaenda.

Ndipo tulipopiga simu kwa kijana wetu, tumwambie asiwe na wasiwasi na ule ujumbe wa asubuhi. Simu haikupatikana. Tulipiga mara ya pili na ya tatu. Mwisho tukatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa mama yake, nyuma ya soko, huku mvua imeanza tena. Tulimkuta barazani, anaosha cheni kwa mafuta ya taa. Alipotuona alisimama haraka, akasema shikamoo mzee, wala hakungoja tuseme lolote. Aliingia ndani akarudi na mfuko mdogo wa nailoni, akatoa noti moja moja akizitenganisha kwa kidole, kwa kuwa zilikuwa zimelowa na kushikana. Zilikuwa shilingi 24,000, kamili. Nguo zake zilikuwa mbichi mpaka kifuani, tope la Yaeda Chini likiwa bado kwenye mkanda.

Tulimwuliza amezipataje kwa siku kama hiyo.

“Leo nauli ilikuwa nzuri, mzee,” akasema. “Wenzangu wote walikataa kuvuka.”